Mpaka Usio na Jirani

Sehemu ya Tisa

Kirimi Mutwiri hakuwa na mchapishaji. Hakuwa na mhariri, wala mchoraji wa majalada, wala duka hata moja la vitabu lililokubali kuweka riwaya zake pale zinapoonekana. Hakuwa na meza ya kuandikia; aliandikia juu ya cherehani ya marehemu mama yake, mguu ukikanyaga chini kana kwamba anashona. Hakuwa na pensheni. Hakuwa na meno mawili ya juu. Hakuwa na rafiki aliyemaliza kusoma kitabu chake, ila alikuwa na marafiki wengi waliosema wako karibu kumaliza.

Na Jumanne ile, saa nne asubuhi, sokoni Githongo, hakuwa na jibu.

Hapo ndipo tulipomwacha, msomaji, mwanamke mgeni amesimama mbele ya meza yake ya vitabu na kumuuliza swali moja tu:

"Nani alikuambia habari ya kifungo?"

Hakupaza sauti. Alikuwa mtu wa makamo, kichwani kitambaa cha kijani, mkoba ameukumbatia kifuani. Kidole chake kilikuwa juu ya ukurasa wa arobaini na moja wa "Nchi Iliyolala", kitabu cha pili cha Kirimi.

"Kifungo gani, mama?"

"Soma. Si wewe uliyeandika?"

Kirimi alisoma kwa sauti, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa: "Mfalme Mpimaji alivaa koti la vifungo vitano. Vinne vilikuwa vya shaba. Cha tano, cha chini kabisa, kilichongwa kwa kibuyu, kikashonwa kwa uzi mwekundu na mtu aliyempenda."

Alifunga kitabu. Alijaribu kucheka.

"Mama, hizi ni hadithi za njozi. Ufalme huu hauko kwenye ramani. Mfalme huyu hayuko. Nilimtunga mimi mwenyewe nikipogoa kahawa."

"Ulimtunga na koti lake?"

"Na koti lake."

"Na mnyororo wake wa kupimia ardhi?"

"Na mnyororo."

"Basi," mwanamke akasema, "ulimtunga baba yangu."

Kwenye meza ya jirani Mama Muthomi, aliyekuwa akiuza ndizi za Mitunguu, alikuwa ametega masikio tangu mwanzo.

"Nunua, mama!" alipiga kelele. "Hiyo kitabu yake inashikwa-shikwa tangu asubuhi na hakuna mtu amenunua! Ndizi zangu ukizishika hivyo utazilipa!"

Mgeni hakucheka. Hata hakugeuka.

"Naitwa Wawira. Nimetoka Runyenjes, kule Embu. Baba yangu aliitwa Nyamu. Alikuwa mshika mnyororo wa wapima mashamba. Mwaka wa sabini na mbili alitumwa huku kwenu kupima mipaka. Alivaa koti lenye vifungo vitano. Kimoja kilikuwa kimepotea, mama akachonga kingine kwa kibuyu kilichovunjika, akakishona kwa uzi mwekundu kwa kuwa mweusi ulikuwa umemwishia. Alikishona jioni. Asubuhi baba akaondoka. Hakurudi. Nilikuwa na miaka minne."

Kirimi alikirudisha kitabu mezani.

"Mjukuu wangu alikuwa anamsomea mama kitabu chako, kumchangamsha tu. Alipofika hapo mama akamwambia arudie. Akarudia. Akamwambia arudie tena. Kisha akaomba viatu. Mtu ambaye hajatoka nje tangu Krismasi! Akasema, 'Nipeni viatu, Nyamu amepatikana.'"

"Huenda ni kufanana tu," Kirimi alisema. "Mambo hufanana."

Wawira alikigeuza kitabu, akaonyesha jalada. Ilikuwa picha aliyoipiga Kirimi kwa simu yake: mibuni huku na huku, na katikati safu fupi ya majani mapana yenye maua meupe.

"Hapa ni wapi?"

"Shambani kwetu."

"Haya ni maua ya mpakani."

"Ndiyo."

"Kwetu Embu tunayapanda mahali pamoja tu. Pale shamba la huyu linapokomea na la yule linapoanzia. Hayang'olewi. Anayeyang'oa amejiitia balaa mwenyewe. Nyinyi Wameru mnayapanda wapi?"

"Papo hapo. Mpakani."

"Sasa mbona haya yako katikati? Huku kahawa yenu, huku kahawa yenu. Huu ni mpaka wa nani na nani?"

Msomaji, kuna maswali yanayokaa mlangoni kwa mtu miaka mingi, naye akiyaruka kila siku kama mtu anavyomruka mbwa wake aliyelala. Kirimi alikuwa na miaka hamsini na minane. Alikuwa amepalilia akiyazunguka maua yale tangu alipoweza kushika jembe. Baba yake alimwambia, "Hapo jembe halipiti," na jembe halikupita. Aliyapenda. Aliyaweka hata kwenye jalada kwa sababu yalimpa baridi tamu mgongoni, ile inayompata mwandishi akiona kitu chenye hadithi. Lakini kuuliza? Hakuwahi kuuliza.

"Ni maua ya baba," alisema mwishowe.

"Baba yako yu hai?"

"Yu hai."

Wawira aliketi juu ya sanduku la vitabu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikavunjika.

"Mama ana miaka themanini na mmoja. Moyo umechoka. Daktari ametuambia tusimhesabie mvua mbili. Na baiskeli ya baba bado imeegemezwa ukutani. Kila Jumamosi lazima ijazwe upepo, ili mwenyewe akirudi aikute tayari. Kila Jumamosi, mwandishi! Miaka hamsini na mitatu! Nimeijaza mimi, wameijaza watoto wangu, sasa wajukuu wanaijaza. Mama anataka kitu kimoja duniani. Amzike mumewe kabla hajazikwa yeye."

"Nikijua lolote nitakupigia simu."

"Usipige. Ya mdomo tumeshiba. Mmoja alimwona baba Nanyuki. Mwingine alimwona Kampala, ati ameoa. Mama amesema hivi: 'Mwambieni huyo anayejua kuandika, aandike. Atie sahihi. Nataka karatasi ya kushika mkononi.'" Alisimama, akajipangusa macho kwa ncha ya kitambaa. "Niipate kabla ya Jumamosi. Nimechoka na ile pampu."

Alikilipia kitabu, akaenda zake.

"Ehe!" Mama Muthomi akasema. "Si hata umeuza!"

Kirimi hakusubiri soko livunjike. Alifunga sanduku, akashika njia ya nyumbani kwa miguu.

Wasomaji wa tangu mwanzo wanaijua habari ya mnyororo. Walioanza leo tuwaambie kwa ufupi. Tangu kitabu cha pili kitoke, kila asubuhi ukungu ukiwa bado chini, Kirimi alikuwa akiusikia katikati ya kahawa. Mburuzo wa chuma kwenye nyasi. Kimya. Kigingi kikigongwa mara tatu. Kimya. Kisha mtu akakohoa.

Carol, mkewe, alisema ni mbuzi wa jirani amekata kamba. Maneno ya busara. Ila mbuzi yule alichinjwa Pasaka, na Carol mwenyewe alikula mguu wake.

Kirimi alijiambia ni mfalme wake. Waandishi hujidanganya hivyo. Alidhani amemchora mtu vizuri hata akapata sauti. Kwa hiyo katika kitabu cha tatu, ambacho wakati huo kilikuwa kimelala kiwandani kwa Abdiweli mjini Meru kikingoja kuchapwa, alikuwa amemmaliza: watu wa nchi walimshika Mfalme Mpimaji, wakamfunga kwa mnyororo wake mwenyewe, wakamfukia chini ya maua meupe asitoke milele. Alipoandika ukurasa huo alishangilia peke yake.

Sasa, akitembea, alijiuliza. Nani alimfundisha kwamba mfalme alilala chini ya maua?

Baba yake, Mzee Mutwiri, alikuwa amekaa nje, mgongo ukutani, miguu juani, ungo wa maharagwe mapajani. Alikuwa na miaka themanini na minane, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata wagomvi wakubwa walikuwa wakimwitia amani. Macho yalikuwa yamefifia, lakini vidole bado vilijua haragwe bovu.

"Umerudi mapema. Vitabu vimekwisha?"

"Nimeuza kimoja, Baba."

"Kimoja si haba. Huyo aliyenunua ana akili."

"Ni binti wa Nyamu."

Vidole vilisimama. Kisha vikaendelea, polepole.

"Kina Nyamu ni wengi huko Embu."

"Sijasema Embu, Baba."

Kuku alipita katikati yao. Mzee alitazama mahali alipopita kuku, akaendelea kupatazama hata baada ya kuku kwenda.

"Anataka kujua maua yale ni mpaka wa nani na nani," Kirimi alisema. "Nami nataka kujua."

"Wewe ndiye mwandishi. Tunga."

"Baba, nimetunga vitabu vitatu. Leo nimeambiwa sikutunga kitu."

Mzee aliuweka ungo chini. Maharagwe yakamwagika, naye hakuyajali, mtu ambaye huokota hata punje.

"Niambie jambo moja," alisema kwa sauti ndogo. "Unausikia?"

"Nini?"

"Usinifanye mtoto. Mnyororo."

Kirimi aliketi chini kando ya ungo.

"Wewe pia?"

"Miaka hamsini na mitatu," baba akasema. "Nilidhani nikifa utanyamaza. Kumbe umeanza kukupimia wewe."

Ndipo yakatoka. Yalitoka bila mapambo, msomaji, nasi tutayapitisha hivyo hivyo.

Mwaka ule wa sabini na mbili wapimaji waliingia Githongo, na kila nyumba ililala jicho moja wazi. Siku ya Alhamisi, mbele ya kijiji kizima, kigingi kilipigwa ndani ya shamba la Mutwiri. Kilikata mistari minane ya kahawa, kikampa jirani. Aliyeshika mnyororo alikuwa kijana wa Embu, Nyamu. Mutwiri alipandwa na hasira, akasema mbele ya watu wote: "Ukirudi hapa, hutatoka!"

"Nilisema hivyo. Watu arobaini walinisikia."

Jumamosi asubuhi, kijiji kikiwa sokoni, Nyamu alirudi. Peke yake. Mkononi mnyororo.

"Nikachukua panga," mzee alisema. "Akaniambia, 'Weka chini, mzee, kosa ni langu. Nilihesabu vibaya pingili za mnyororo. Sikulala.' Alikuwa amekuja kusahihisha kabla wakubwa wake hawajajua. Tukapima upya pamoja, mimi nikishika upande mmoja, yeye upande mwingine. Aking'oa kigingi, mimi natazama kile kifungo chake cha kibuyu, namuuliza kwa nini hakifanani na vingine. Akacheka. Akasema, 'Hicho nimefungiwa na nyumbani.' Akakipiga kigingi upya mahali pake pa haki. Mara tatu. Akakohoa kwa vumbi. Mistari minane ikarudi. Tukaketi hapo hapo tukapumzika. Akaletewa uji."



"Halafu?"

"Alikunywa nusu. Akashika tumbo. Akanitazama kama mtu anayetaka kuuliza njia. Hata kibuyu cha uji hakukiweka chini, kilianguka chenyewe."

"Akafa?"

"Akafa. Mtu niliyemwambia mbele ya watu arobaini kwamba hatatoka. Nani angeniamini? Na ningesema amefia kwangu, wangekuja, wangetazama kigingi, wangesema nilimuua kwa ajili ya ardhi. Wangenitia kitanzi, na mistari minane ingekwenda pia. Nilichimba mchana, jua likiniona. Nikamlaza na mnyororo wake. Nikampandia maua ya mpakani. Alikuwa mtu wa mipaka. Nilimpa wake."

"Na kwangu ukafanya hadithi."

"Ulikuwa na miaka sita," mzee akasema. "Mtu mzima nisingeweza kumwambia. Mtoto haamini, na hasahau. Nilitaka kuwe na kichwa kingine kimoja chenye jambo hili. Nilidhani nimetua mzigo, mwanangu. Kumbe nimekutwika. Na ile mistari minane, usisahau, ndiyo iliyokusomesha."

Kirimi alikumbuka jikoni, moshi, na sauti ya baba: palikuwa na mfalme mpimaji. Alikumbuka koti, vifungo, mnyororo. Na alikumbuka jambo jingine, dogo, ambalo hakuwahi kuliandika kwa kuwa hakujua lina maana. Kila mara hadithi ilipofika mahali mfalme aliposhikwa na njaa, mama yake aliikatiza. Kila mara. "Mutwiri, mwache mtoto alale."

"Baba," alisema. "Ule uji. Nani aliupika?"

Mzee Mutwiri aliinama, akaanza kuokota maharagwe, moja, moja.

"Alikuwa jikoni," alisema hatimaye. "Hakuyasikia yale tuliyozungumza na Nyamu shambani. Alimwona tu amerudi."

"Nani, Baba?"

"Nenda ukaandike."

Hata hajafika chumbani, simu ikalia. Abdiweli.

"Mwandishi! Karatasi zimefika, mashine imepakwa mafuta. Nianze?"

"Usianze."

"Vipi nisianze? Wewe ulinipigia mara tatu jana!"

"Mfalme hawezi kufungwa chini ya maua. Ule mwisho si wake."

"Wallahi, nimechapia makanisa, nimechapia misikiti, nimechapia wanasiasa. Sijaona mtu anasimamisha kitabu kwa sababu mtu wa ndani amelalamika."

"Hajalalamika, Abdiweli. Amepatikana."



"Njoo mjini," Abdiweli akasema, sauti imebadilika. "Mambo kama hayo hayasemwi kwa simu."

Siku mbili Kirimi alikaa mbele ya cherehani. Mtu aliyeweza kujaza kurasa ishirini kwa vita vya falme mbili alishindwa na barua moja. Aliandika "Mama mpendwa", akachana. Aliandika "Kwa masikitiko makubwa", akachana. Hiyo ilikuwa lugha ya redio. Kila alipokanyaga chini, gurudumu la cherehani lilizunguka, na alimwona mama yake: mwanamke mpole, aliyewapa uji wapita njia wote wa Githongo, ambaye mwenyewe, sasa aligundua, hakuwahi kuonja uji mbele ya mtu hata siku moja.

Alhamisi jioni barua ilikuwa tayari. Ilikuwa fupi kuliko maandishi yote aliyowahi kuyatia sahihi:

"Mama wa Wawira. Mume wako Nyamu yuko kwetu Githongo, katikati ya kahawa, chini ya maua ya mpakani. Alifariki Jumamosi moja ya mwaka wa 1972, akitenda haki. Hakumwacha mtu, hakuoa Kampala. Njooni na watu wenu na mchungaji wenu. Jembe halijapita hapo. Mimi ndiye niliyeandika kuhusu kifungo. Kirimi wa Mutwiri."

Alimsomea baba yake. Mzee alisikiliza hadi mwisho, fimbo katikati ya magoti.

"Haijakamilika."

"Najua."

"Nipe kalamu."

Kirimi alimwekea kiti mbele ya cherehani. Mzee alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa moto.

"Si hapo. Jambo hili siliandiki juu ya kitu cha mama yako."

Aliandikia gotini, juu ya Biblia. Mkono ulikwenda kama mkulima mlimani, kwa kupumzika-pumzika. Kirimi alimtazama, akakumbuka kwamba baba yake hakujua kusoma hadi miaka arobaini. Alianza darasa la ngumbaru mtu mzima mwenye watoto, akitoka shambani na udongo miguuni, akikaa kwenye dawati la watoto huku vijana wakimcheka.

"Unajua nilikwenda ngumbaru kwa nini?" mzee aliuliza bila kuinua kichwa. "Watu walidhani ni Biblia. Nilikwenda nijifunze kuandika barua moja. Nikaandika kumbukumbu za kanisa, nikaandika za kamati ya kahawa, nikaandika hata hotuba za machifu. Hiyo moja nikawa nasema, kesho."

Alipomaliza alikunja karatasi mara nne. Kirimi alinyoosha mkono.

"Hapana," mzee akasema. "Wewe ukiisoma utaitengeneza. Utaipamba. Hii si yako."

Kisha alitoa kutoka mfuko wa ndani wa koti kibati cha dawa ya macho, akakifungua kwa ukucha. Ndani kulikuwa na kitu kidogo cha mviringo, rangi ya chai. Kibuyu. Nyuzi mbili nyekundu bado zilikuwa tunduni.

"Kilinasa kwenye tawi nikimbeba. Nilirudi kesho yake nikakikuta kinaning'inia, kinanitazama."

Alikitumbukiza katika bahasha pamoja na karatasi zote mbili. Akapitisha ulimi kwenye gundi mwenyewe, akabonyeza kwa dole gumba kutoka pembe hii hadi ile.

Ijumaa asubuhi Kirimi aliingia kiwandani kwa Abdiweli, mtaa wa nyuma mjini Meru. Mashine zilikuwa kimya. Abdiweli, kofia kichwani, miwani kwenye paji la uso, alisikiliza habari yote amesimama, mkono kwenye rundo la karatasi tupu zilizokuwa ziwe kitabu cha tatu.

"Inna lillahi," alisema. "Na ndani ya bahasha kuna karatasi ya mzee ambayo hujaisoma?"

"Sijaisoma."

"Inaweza kumtaja mama yako."

"Inaweza."

"Ile familia ikiisoma, jina la mama yako litatajwa hadi Embu. Kaburi lake litatemewa mate."

"Najua, Abdiweli."

Mchapaji alitazama mlango, akasogea karibu.

"Mimi nimefanya kazi ya kubandika miaka thelathini. Nikiweka mvuke hapa, bahasha hii inafunguka kama mdomo wa mtoto. Unasoma. Ikikufaa, tunaibandika. Isipokufaa, karatasi moja inaanguka. Hata aliyeitengeneza bahasha hatajua. Wewe ndiye unayeamua mwisho wa hadithi, si ndiyo kazi yako?"

Birika lilikuwa linachemka pembeni, la chai. Mvuke ulipanda. Kirimi aliishika bahasha juu yake, karibu kiasi cha kuhisi karatasi ikilainika vidoleni. Aliweza kuhisi kifungo ndani, kidogo kama jicho.

Alimwona mama yake amesimama mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi, akisema, mwache mtoto alale.

Kisha akamwona mwanamke asiyemjua, mwenye miaka themanini na mmoja, ameomba viatu.

"Nipe gundi," alisema.

"Tunaifungua?"

"Nipe ile nzito. Ya majalada."

Abdiweli alimtazama, akatikisa kichwa, akamletea kopo na brashi. Kirimi alipaka gundi juu ya mfuniko wa bahasha, pembe hadi pembe, mara mbili, akaibana chini ya chuma cha kubania vitabu na kuzungusha gurudumu hadi likakataa. Alipoitoa ilikuwa ngumu kama jalada. Sasa hata yeye hangeweza kuifungua bila kuichana.

Nje, Barre, ndugu yake Abdiweli, alikuwa akipakia madaftari ya shule kwenye pikapu. Kila Ijumaa huyapeleka Embu, akasali huko.

"Runyenjes," Kirimi alimwambia. "Nyumba ya Wawira binti Nyamu. Uliza penye baiskeli ukutani. Mkabidhi mama mzee mwenyewe, mkononi. Usimpe mwingine."

"Ni nini, mwandishi, kitabu kipya?"

"Ni cha zamani."

Barre aliiweka bahasha kifuani, chini ya shati, akapanda, akawasha. Pikapu ikashuka mtaa, ikapita msikiti, ikakunja kulia kuelekea barabara ya Embu.

Kirimi alisimama kandokando ya barabara akitega sikio. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza tangu kitabu cha pili kitoke, hakuwa amesikia kitu kwenye kahawa. Wala mburuzo, wala kigingi, wala kikohozi. Alikuwa amefurahi kwa hilo njia nzima.

Sasa aliusikia. Chuma kikiburuzwa juu ya lami, pingili kwa pingili, kikiifuata pikapu kwenye kona, kikienda nayo.

"Abdiweli," aliita bila kugeuka. "Gari la Barre lina mnyororo nyuma?"

"Mnyororo?" Abdiweli alijibu kutoka mlangoni. "Halijawahi kuwa nao."